Ngazi Iliyoishia kwa Mama wa Chini

Tulipopanga chumba katika ile nyumba ya etaji, yaani ghorofa, katikati ya mji wa Likasi, ngazi bado ilikuwa ngazi. Ilikuwa ya sima, saruji ya wajenzi, ilipanda nje ya ukuta upande wa uwanja, ikapumzika kwenye etaji ya kwanza, ikageuka, ikafika kwetu etaji ya pili. Ilikuwa na chuma cha kushikilia. Bwana yangu alikishika kwa mikono yote miwili, mimi nyuma yake nikimsukuma kiunoni kama mtu anayesukuma gunia, na tukafika.

Baadaye wezi walikikata kile chuma, wakaenda kukiuza. Halafu bomba likapasuka ndani ya ukuta. Maji yalikuwa hayafiki kwenye robine zetu, lakini njia ya kwenda kwenye ngazi yaliijua. Sima ikavimba, ikapasuka, vyuma vya ndani vikatokeza kama mbavu za mbwa. Siku moja ya mvua kubwa, kipande cha kati ya etaji ya kwanza na yetu kikaanguka. Hakikuanguka chote. Palibaki vyuma na vipande vya kukanyaga, kwa mtu mwenye akili na miguu miwili mizima. Mimi nilikuwa navyo vyote. Bwana yangu alikuwa na akili tu.

Niseme tulivyofika pale. Bwana yangu alizaliwa Shituru, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, na yeye mwenyewe akaingia kiwandani akiwa kijana. Mimi ni mtu wa Kambove. Tulifunga ndoa kanisani, tukazaa, tukala ugali wetu wa bukari, hakuna aliyetuuliza kitu. Halafu ikaja ile miaka ambayo watu wa Kasai waliambiwa warudi kwao. Bwana yangu aliuliza, kwetu wapi? Kitovu chake kilizikwa Shituru.

Asubuhi moja mtu alipita kambini na chaki. Milango mingine aliiruka, mingine aliichora. Wetu ulichorwa msalaba. Nilifikiri ni mchezo wa watoto, nikaendelea kutwanga majani ya sombe. Jua lilikuwa halijashuka watu walipokuja na mawe. Bwana yangu aliruka ukuta wa nyuma akaangukia mguu. Watoto wetu, waliokuwa wakubwa tayari, walikwenda kulala stesheni pamoja na wengine mpaka gari la moshi likawachukua. Sisi wawili tulijificha Kambove kwa ndugu yangu. Mfupa uliunga vibaya. Kuanzia hapo alitembea kwa fimbo, mguu ukiangalia pembeni kama unataka kwenda njia yake.

Nyumba ya ndugu ina mwisho wake. Tulirudi Likasi, lakini si Shituru. Nilitafuta mahali ambapo watu hawatujui, nikapanga kwa jina langu. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa suti, mwenye funguo nyingi mkononi, alikuwa akija Jumapili baada ya misa. Aliniuliza:

"Mama, muko bangapi?"

"Niko peke yangu."

"Muzuri. Batoto banaharibisha ukuta."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Bwana yangu nilimpandisha jioni, mwenye nyumba akiwa amekwenda. Kila nilipotoka kwenda sokoni au kuteka maji, nilifunga kufuli kwa nje, ili anayepita aone hakuna mtu. Ufunguo niliufunga kwenye pembe ya kitenge. Nikiwa nje, yeye hakutembea, asije akasikika chini. Radio hakufungua. Kikohozi alikizika kwenye mto. Dirishani kulikuwa na vyuma, maana baada ya watu kupora maduka kila nyumba ilichomelea vyuma, hata walio juu kabisa. Alikuwa anakaa kwenye kiti mbali kidogo na dirisha, anaangalia kipande cha mbingu na bomba kubwa la moshi la kiwanda cha Shituru, lililokuwa limeacha kutoa moshi.

Siku moja aliniambia, "Mama, moshi ikitoka, utaniambia?"

"Weye njo uko kwa dirisha," nilimjibu. "Minye niko kwa maji. Weye utaniambia."

Hakutaka mengi. Kwenda Kasai hakutaka, maana hakukujua. Kurudi Shituru hakutaka. Alitaka kukanyaga chini. Alitaka ashuke uwanjani, akae kwenye jua, na akipata nguvu aende misa ya kwanza asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Alikuwa anasema, "Ngazi ikitengenezwa, nitashuka hata gizani. Nitashuka polepole. Nani ataniona?" Alilisema hili mpaka nikawa nalisikia hata alipokuwa amelala. Mwenye nyumba nilimweleza habari ya ngazi kila Jumapili. Alikuwa ananijibu kwa Kifaransa, na mimi Kifaransa changu kinaishia sokoni.

Ndipo habari ya mji ikaja. Ilitangazwa kwa kipaza sauti barabarani, na kanisani pia, baada ya misa. Kila mwenye kupangisha nyumba lazima apate ruhusa ya mji. Nyumba itaangaliwa kwanza, ngazi, choo, nyaya za umeme, mabomba. Palipo pabaya atatengeneza. Asipotengeneza hapewi ruhusa, na bila ruhusa hana haki ya kumdai mpangaji kodi.

Wapangaji tulicheka. Etaji ya kwanza, chini yetu kabisa, alikaa mama mmoja mnene muuza mikate, mwenye mdomo usio na mlango. Mimi nilimwita Mama wa Chini. Alisimama uwanjani mikono kiunoni.

"Mji utapatia benye nyumba permi," alisema. "Na mji, nani atapatia yeye permi? Jana nimetumbukia kwa shimo ya barabara yake, mikate yangu yote ikaoga!"

Tulicheka, lakini mimi nilipanda juu haraka. Nilimwambia bwana yangu. Hakucheka. Aliuliza, "Ngazi pia?"

"Ngazi njo ya kwanza."

Siku ile alijinyoa ndevu.

Mtu wa mji alikuja siku ambazo sisi tulikuwa tumeshasahau. Alikuwa mzee, koti lake safi, viatu vimeshonwa na kushonwa tena. Hakuwa na karatasi. Alikuwa na chaki mfukoni. Mama wa Chini alimuuliza kama amekuja kutufundisha kusoma.

"Karatasi imeisha kwa ofisi," alisema yule mzee, bila kukasirika. "Minye naandika kwa mulango. Mwenzangu atapita nyuma yangu na mwenye nyumba, atasoma bile nimeandika. Mulango yenye haina alama, yeye hatauliza."

Aliangalia choo cha uwanjani, akatikisa kichwa. Aliangalia nyaya. Halafu akaja kwenye ngazi. Nilifikiri ataiangalia akiwa chini, kama wakubwa wanavyofanya. Hapana. Alivua viatu, akavishika mkononi, akapanda. Pale palipovunjika alishika ukuta kwa kucha, anapumua kama fundi vyuma. Mimi nilikuwa juu, nimetoka nje na kuufunga mlango nyuma yangu.

"Mama," alisema alipofika, "weye unapitaka hapa kila siku?"

"Na bidoni ya maji kwa kichwa."

Hakuomba kuingia. Alisema ngazi imetosha kumwonyesha. Akatoa chaki, akachora kwenye mlango wetu duara na mstari katikati yake.

"Hii inasema: hapa muntu anaishi, njia yake ni ya kuua. Mwenye nyumba atengeneze mpaka hapa. Mpaka hapa, Mama, si kuishia kwa etaji ya chini. Bila ile, hakuna permi." Alirudia kwa sauti kubwa, kama anayejua kuna mtu nyuma ya mlango. Halafu akashuka, akaketi kwenye jiwe uwanjani, akavaa viatu vyake.

Niliingia ndani. Bwana yangu alikuwa kwenye kiti chake.

"Papa, umesikia?"

"Nimesikia."

"Mpaka kwa mulango!"

Hakujibu. Nilifikiri amejaa furaha. Watu wengine furaha inawaziba mdomo. Nilichukua bidoni nikashuka kuteka maji, na siku ile, sijui, kufuli nililiacha likining'inia wazi. Kwenye bomba nilipanga foleni, nikamweleza kila mtu habari ya ngazi. Mimi si mtu wa kueleza.

Niliporudi, nilisimama mbele ya mlango na maji yangu kichwani. Duara halikuwepo. Mbao zilikuwa na unyevu, na pembeni kulibaki weupe kidogo, kama unga kwenye mdomo wa mtoto. Niliingia. Bwana yangu alikuwa ameketi chini, si kwenye kiti. Fimbo ilikuwa mbali naye. Mkono wa shati lake ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amejiburuta.

Nilitua maji.

"Ni weye umefuta."

"Ni minye."

"Ulisikia ginsi alisema. Ulisikia na masikio yako."

"Nilisikia." Alipangusa ule mkono wa shati. "Mama, wa kwanza pia alikuwa muntu muzuri. Wa Shituru. Alipita na chaki akinisalimia."

"Huyu ni wa ngazi!"

"Chaki haiyue ni ya nini. Yenye kuisoma njo anayua. Huyu aliandika, ni mwingine atasoma. Weye unamuyua ule mwingine?"

Hasira nilikuwa nayo, ya kutosha kuwasha jiko la mbabula bila makaa. Mtu amekaa juu kama kuku kwenye kapu, analilia ngazi, ngazi inakuja, anaifuta kwa mkono wa shati. Nilimwambia nitachora tena. Kipande cha plasta kilikuwa hapo sakafuni, kinaandika vizuri kama chaki.

"Ukiandika, nitafuta tena," alisema. "Nitafuta na ulimi."

Nilikishika kile kipande cha plasta mpaka mkono ukatoka jasho. Halafu nikakitupa. Kule Kambove, akiwa amelala na mguu umefungwa vijiti, nilikuwa nimemwahidi kwamba hakuna mtu atakayemwandika mahali popote bila yeye kutaka. Ahadi ya kijinga. Lakini ilikuwa ahadi.

Mwenzi wa yule mzee alikuja pamoja na mwenye nyumba, asubuhi ya kazi. Alikuwa kijana wa miwani, na yeye alikuwa na karatasi. Mimi nilikuwa uwanjani ninafua. Mlango wetu ulikuwa na kufuli. Mama wa Chini alikuwa kwenye varanda yake anapanga mikate.

Kijana alisoma mlango wa Mama wa Chini, alama ipo, akaandika. Akainua macho kwenye ngazi iliyovunjika.

"Na kule juu?"

"Depo," alisema mwenye nyumba. "Bintu tu. Angalia, kufuli. Kila siku kufuli. Hata mwenzako hakuweka alama."

Kijana alikaza macho. Kutoka pale alipokuwa mlango ulionekana vizuri, mbao tupu. Aligeuka, akaniona nimeshika nguo inachuruzika maji.

"Mama, ni nani anaishi kule?"

Mwenye nyumba alinitazama, macho yamekuwa madogo. Alijua ninakaa kule, alikuwa anakula kodi yangu. Alikuwa anangoja tu kama nitamwaibisha.

"Ile chumba ni yangu," nilisema.

"Basi Mama, nifungulie, nione. Nikiona kitanda na mbabula, nitaandika: muntu anaishi. Ngazi itafika."

Ufunguo ulikuwa kwenye pembe ya kitenge changu. Ulikuwa unanipiga kwenye paja kila nilipoinama kufua, na sasa ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Niliinua macho dirishani. Nyuma ya vyuma, kile kitambaa cha dirisha kilisogea kidogo, nikaona uso wake. Alitikisa kichwa. Mara moja tu. Halafu kitambaa kikarudi mahali pake.

Chumba chetu kilikuwa kimoja. Hakukuwa na mahali pa kumweka mtu mzima. Kama ninafungua, mtu wa mji anamwona, mwenye nyumba anamwona, wanamuuliza anatoka wapi, na yeye akifungua mdomo tu, ulimi wa mama yake unamsema.

"Ni bintu," nilimwambia yule kijana. "Bintu bya marehemu kaka yangu. Minye nalalaka kwa rafiki."

Kijana akapiga mstari kwenye karatasi. Mwenye nyumba akakohoa kwa raha. Nikakamua nguo ile mpaka ikakauka mikononi mwangu.

Mafundi walikuja na sima. Walitengeneza ngazi kutoka chini mpaka etaji ya kwanza, vizuri, sitasema uongo. Vidato vilinyooka, ukingo ukawekewa chuma kipya kilichopakwa rangi ya kijani. Walipofika kwenye varanda ya Mama wa Chini wakapiga sima ya mwisho, wakailainisha, wakaosha vyombo vyao. Nilimuuliza fundi mkubwa kama sima imebaki. Alisema imebaki, lakini bwana mwenye nyumba ameichukua. Mlangoni pa kuingilia karatasi ya ruhusa ikatundikwa kwa misumari. Nyumba ikawa nzuri kisheria. Nilipomkumbusha mwenye nyumba ngazi ya juu, alinionyesha ile karatasi kwa kidole.

"Mama, nyumba iko na permi. Kama haukubali, enda uulize mji."

Niende niulize mji kitu gani? Kwamba niliudanganya?

Bwana yangu hakuuliza lolote. Alikuwa anasikia mafundi wanagonga, siku nzima, chini yake kidogo tu. Walipoacha kugonga akageuza kiti chake. Kuanzia siku ile aliangalia ukuta badala ya dirisha.

Mama wa Chini alinikuta kwenye bomba la maji, wiki hiyo. Watu walikuwa wengi. Alijisukuma mpaka kando yangu, akasema kwa sauti anayofikiri ni ndogo:

"Mama, na mzee wenu? Atashuka siku gani?"

Bidoni ilijaa, ikamwagika, sikuiondoa.

"Mzee gani?"

"Eh! Mzee gani! Ule anakohoaka. Asubuhi anasema 'Moyo, moyo', salamu ya kwao Kasai, kwa kila ndege yenye kupita kwa dirisha. Hata batoto banayua kumuigiza."

"Tangu lini munayua?"

"Tangu mulifika. Mama, sakafu yako njo plafo yangu! Fimbo yake inapitaka juu ya sufuria yangu: to, to, to. Ukitoka haipite. Ukirudi inapita. Tulikuwa tunasema, huyu mama anafunga bwana yake sababu ni mukali, anaogopa banawake ba chini."

Watu kwenye foleni walicheka. Hakukuwa na ubaya katika kicheko kile, nilikisikiliza vizuri. Niliwaangalia mmoja mmoja. Wote walijua.

"Na siku ile ya muntu wa miwani," nilimuuliza, "ulikuwa pale pale na mikate yako. Kwa nini haukusema?"

Alinishangaa kabisa.

"Weye mwenyewe ulisema ni bintu. Minye ni nani niseme bintu binakohoa?"

Nilipanda na maji yangu. Nilipita ngazi mpya, nikapita vyuma na mashimo, nikafika mlangoni. Nilifungua kufuli, nikalitia kwenye bidoni tupu, na halikufungwa tena kwenye mlango ule. Nilimwambia bwana yangu maneno yote ya Mama wa Chini, na ya ndege, na ya banawake ba chini. Nilifikiri atacheka. Akasema, "Basi tumejifunga sisi wenyewe," na akaficha uso. Nilimwacha. Kuna mambo mtu hafarijiwi.

Jumamosi, bwana wa Mama wa Chini alipanda pamoja na fundi wa baiskeli wa upande wa pili. Walimweka bwana yangu kwenye kiti chake, wakakifunga kwa kamba, wakamshusha juu ya vile vyuma, Mama wa Chini akiwapigia kelele kutoka chini, "Polepole! Huyu si gunia ya makala!" Walimtua kwenye varanda ya Mama wa Chini, pale sima mpya inapoanzia. Jua lilikuwa limejaa pale. Alifumba macho.

Nilifikiri kesho yake atashuka chini. Hakushuka. Walikuwa wanamteremsha asubuhi, anakaa varandani mpaka jua linaondoka, wanampandisha. Watu walimsalimia, "Moyo, Papa," na yeye aliitikia. Mbele ya miguu yake ngazi nzuri, chuma kipya cha kushikilia, karatasi ya ruhusa mlangoni. Hakuweka mguu. Akasema tu kwamba pale panatosha. Akasema mguu unauma. Nilijua si mguu. Mtu aliyezoea kufungwa anakuwa kufuli yeye mwenyewe.

Nilichoka. Asubuhi moja nikiwa na bidoni yangu nilisimama mbele yake.

"Papa, hapa njo ngazi. Chuma iko. Fimbo iko. Uwanja iko pale. Minye sitakubeba kushuka, na sitakubeba kupanda juu ya ile ngazi yenye ni muzuri. Ukitaka, ni ya kwako. Ukikataa, kaa."

"Uko mukali, Mama."

"Niko na kiu."

Nilikwenda kuteka maji. Foleni ilikuwa ndefu, na sikuharakisha. Niliporudi, kiti varandani kilikuwa kitupu. Alikuwa ameketi kwenye kidato, chini kidogo ya varanda, ameshika kile chuma cha kijani kwa mkono mmoja. Kiatu amekivua. Alikuwa anaisugua sima mpya kwa unyayo wa ule mguu mbovu, kwenda na kurudi, kama mtu anayejaribu nguo dukani.

Maji yalikuwa mazito kichwani, na yeye alikuwa amejaa njiani. Alisogea kidogo akanipa nafasi, nikapita.